Gari Iliyokataa Chakula

Gari ile ilianza ikiwa ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, mali ya mama mkwe wa dada yangu. Mama huyo sisi wote tunamwita yeyo, ambayo ni mama kwa Kimaasai. Siku aliyonipa huyo mtamba alinigusa kichwa kwanza, vile wanavyosalimia watoto, halafu akachukua mkono wangu akauweka juu ya mgongo wa mnyama.

"Kuanzia leo jina lako limekufa," akasema. "Wewe ni Pakiteng."

Mimi ni mtu wa Kitengela. Wazazi wangu walitoka Ukambani wakifuata kazi ya kiwanda cha simiti, nikazaliwa hapa kwa upepo na vumbi, na mambo ya ng'ombe nilikuwa nayajua kwa bucha tu. Dada ndiye alinieleza. Huko alikoolewa, mtu akikupa ng'ombe kwa roho safi, hamwitani tena kwa majina yenu. Wewe unamwita Pakiteng na yeye anakuita Pakiteng, mpaka mmoja wenu azikwe.

"Na siku akikuita kitu kingine?" nikamuuliza.

"Hiyo siku haikuangi," dada akasema.

Nilirudi Kitengela na hilo jina kama mtu aliyenunuliwa koti. Kwa hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi ninakopakia mchanga, nilikuwa najiita hivyo kimoyomoyo nikibeba mifuko. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ile ya kumsalimia mpaka mtu usiyemjua.

Mtamba alikuwa na kazi yake. Boma la yeyo liko ndani sana, unapita Kajiado, unaacha lami, unaelekea kule vilima viko. Mvua ikinyesha huko ng'ombe wanajaa maziwa na barabara inakufa, yote mawili wakati mmoja. Pikipiki za boda ndizo zilikuwa zinabeba mitungi ya maziwa kupeleka Kajiado kwa mashine ya kupoza, lakini ule udongo mweusi ukilowa, boda inakwama ikiwa imesimama wima kama imepandwa. Maziwa kwao ni ya wanawake. Mwanamume anahesabu ng'ombe, lakini maziwa na pesa yake hagusi. Kwa hivyo yakiharibika, ni akina mama wamekosa sabuni, wamekosa karo, wamekosa dawa. Nilimwona yeyo msimu mmoja akimwagia mbwa mtungi mzima. Alimwaga akiangalia upande mwingine.

Hapo ndipo ndoto ilinishika. Nikachora gari kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, gari ya juu, inayovuta kwa magurudumu yote manne, mitungi imepangwa nyuma, inazunguka boma kwa boma asubuhi. Nilimwonyesha mume wa dada. Yeye si mtu wa kusifu. Aligeuza ile karatasi juu chini, akaiangalia, akasema, "Umesahau kuchora matope." Lakini jioni hiyo alikuwa ameamua kuuza madume yake. Yeyo akaleta yule mtamba wangu auzwe. Mimi nikatoa ile pesa nilikuwa nimeweka ya ploti. Baada ya hapo hakukuwa na mnyama mwingine wa kuuza wala ploti ya kungoja. Gari ilikuwa moja tu, na ikienda vibaya ingeenda na maziwa ya wale mama wote.

Kisha tukakosana juu ya injini.

"Petroli," shemeji alisema. Tulikuwa kwangu Kitengela, sisi watatu, na dada alikuwa anamenya viazi. "Hiyo haina kelele mingi."

"Shem, gari kubwa ya petroli inakunywa kama wageni wa harusi. Tutakuwa tunabeba maziwa kulipia tanki."

"Na dizeli utatoa wapi kule kwetu? Unajua lile duka la mabati kwa kona? Petroli iko hapo nje kwa chupa za soda, imepangwa kama juisi. Kila duka iko, sababu ya boda. Dizeli, hata mwenye trekta anatumana Kajiado."

"Tutaweka mtungi wa akiba."

"Hii yote umesomea wapi?"

"Kwa simu."

"Kwa simu." Akamgeukia dada. "Ndugu yako alitoka shule Form Two, simu ikammalizia."

Dada alicheka mpaka kiazi kikamponyoka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilikuwa na maneno yangu na niliyatoa. Kwa hadiwea naona lori kila siku, najua dizeli inavuta injini ikizunguka pole pole, bila kupiga kelele ya kuomba msaada. Kwa korongo lenye maji haizimi haraka, kwa sababu haina plagi za kulowa. Safari ndefu inakunywa kidogo. Shemeji naye alisema petroli hata fundi wa boda atajaribu kuitengeneza chini ya mti, lakini dizeli pampu ikikufa, unauza gari yenyewe ndiyo ununue pampu. Hakuna mmoja wetu alikuwa anadanganya. Nikikumbuka sasa, hilo ndilo linaniuma zaidi, kwamba tulikuwa na haki sote wawili na bado ilibidi tuchague.

"Hii gari ni ya maringo ama ni ya mzigo?" dada akauliza.

"Ya mzigo," shemeji akasema.

"Basi wekeni dizeli, tule."

Shemeji alikubali. Aliniambia tukiwa mlangoni, "Sawa. Lakini ni dizeli yako." Nilidhani ni mzaha. Alisema akitabasamu.

Tulizunguka yadi za Kitengela, zile za kando ya barabara kubwa ya kwenda Namanga, mpaka mabroka wakaanza kutujua. Nilikuwa nimejifunza kitu kimoja kuhusu dizeli kuukuu: injini ikiwa imechoka, inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Kwa hivyo muuzaji mjanja anaiwasha kabla ufike. Nilikuwa nikifika, kabla ya salamu, naweka mkono kwa boneti. Ikiwa na joto, tunaondoka. Broka mmoja aliniuliza, "Buda, unapima homa?" Shemeji alimjibu, "Ni daktari, usimsumbue."

Ile tuliyochukua boneti yake ilikuwa baridi kama jiwe. Rangi ya kijani imefifia, kiti cha dereva kimepasuka, mlango mmoja unafunguka kutoka nje tu. Iliwaka mara ya kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo, ikatulia. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikizunguka, hakukuwa na moshi wa kutisha unaopanda. Shemeji alisimama kando amekunja mikono, halafu akasema, "Hata mimi imenipendeza." Kwa mtu kama yeye, hayo ni mashairi.

Tuliingia nayo bomani tukipiga honi. Akina mama walitoka wakiimba. Yeyo alizunguka gari pole pole, akigonga mabati kwa kidole vile mtu anapima ng'ombe wa mnada.

"Pakiteng," akaniuliza, "inakulia wapi?"

Nikamfungulia kifuniko cha tanki pale ubavuni. Kilikuwa cha kuzungusha tu, ufunguo wake ulipotea kwa mwenyewe wa kwanza. Akainama, akanusa, akacheka.

"Mdomo iko kwa mbavu," akasema. "Mungu wa wazungu alichoka."

Hizo wiki zilikuwa nzuri, na nitazisema haraka kwa sababu hazikukaa. Nilihama hadiwea nikakaa kwa dada. Asubuhi tulizunguka maboma, mitungi ikigongana nyuma, shemeji akiendesha, mimi nikiweka kichwani nani ametoa lita ngapi kwa sababu daftari lililowa siku ya kwanza. Korongo lilikuwa na maji ya goti na tulilipita tukiimba. Mara moja tulivuta boda mbili zikiwa zimefungwa pamoja kama mbuzi. Yeyo alipenda kukaa mbele kwenda kliniki ya presha Kajiado, amevaa shanga zote, akipungia watu mkono hata pale hakukuwa na watu.

Kuna tabia yake moja lazima niieleze. Mtu yeyote aliyemfanyia yeyo safari hakuondoka kwake mkavu. Alikunywa chai, alikunywa maziwa, na kama alikuja na boda, boda pia ilikunywa. Alikuwa anaweka chupa ya petroli kando ya mlango, aliyoinunua mwenyewe kwa lile duka la kona, na kijana wa boda akishaleta dawa, yeyo anaimimina kwa tanki kwa mkono wake. Hakubali umsaidie. Kwake kumpa mtu chai na kuacha pikipiki yake na njaa ilikuwa aibu. Sisi tulikuwa tunaona jambo hilo kila wiki na tulikuwa tunalipenda. Hakuna mtu alifikiria mbele.

Mvua ikaja ya kweli. Tulikaa bila kufika Kajiado, na mtungi wa akiba tukaumalizia kwa kuvuta lori la mchanga lililoziba njia. Siku njia ilipofunguka, mshale wa tanki ulikuwa umelala chini kabisa. Nilipiga hesabu ikatosha: tunapakia maziwa, tunafika Kajiado, tunajaza. Nikasema hivyo kwa sauti, hapo nje, kwamba gari imebaki na kidogo tu, iko njaa. Nilisema tu vile watu husema. Halafu tukaingia kwa dada kunywa chai, tukiwa tumelowa.

Tulipotoka yeyo alikuwa amesimama kando ya gari, anajipangusa mikono kwa shuka, anatabasamu na uso wote. "Nendeni," akasema. "Sasa mtafika."

Nilidhani anatuombea.

Iliwaka vizuri. Mpaka korongoni hakukuwa na neno. Tulipoanza kupanda ng'ambo injini ikaanza kugonga, sauti kavu, kama mtu anapiga sufuria kwa kijiko. Shemeji akaangalia dashibodi, mshale ulikuwa umepanda. "Kwani uliongeza?" akaniuliza. Nikasema hapana, labda mshale umekwama. Ikavuta kidogo, ikakohoa, ikazima katikati ya mlima. Tulijaribu kuiwasha tena na tena. Kila tulipojaribu, sasa najua, tulikuwa tunaimalizia.

Jua lilitoka kali, lile la baada ya mvua. Mitungi ilikuwa nyuma imejaa. Maziwa yalianza kunuka mchana, na jioni trekta ilipopatikana tuliyamwaga pale pale kando ya barabara, ya kila mama, mtungi baada ya mtungi. Shemeji hakutaka kunisaidia kumwaga. Alikaa kwa jiwe amenipa mgongo.

Fundi wa Kitengela alitoa chujio la mafuta, akamimina kilichokuwa ndani kwa chupa safi, akainusa, akanipa ninuse. Sikuhitaji kuambiwa. Hata mtoto angeijua ile harufu.

"Nani aliwawekea petroli?" akauliza.

"Hakuna," tukasema pamoja.

"Basi ilijiwekea." Akafungua pampu, akapitisha kidole, kikatoka na vumbi la chuma linalong'aa. Alitueleza kwa upole kwamba dizeli inajipaka yenyewe ndani ya pampu kama mafuta ya nywele, lakini petroli inaosha, chuma kinabaki kikikula chuma, na huo unga unaenda mpaka kwenye nozeli zote. Pampu, nozeli, mabomba, yote. Shemeji alitaja yale madume yake kwa rangi, moja moja, kwa sauti ya chini.

Dada akapiga simu kabla hatujatoka gereji. Alikuwa amekuta chupa za soda zimeoshwa, zimepangwa juu ya ua zikauke, nyingi. Akamuuliza yeyo. Yeyo akamwambia bila kuficha, tena kwa majivuno, kwamba alitoa pesa yake ya maziwa akanunua petroli yote iliyokuwa dukani, kwa sababu Pakiteng alisema gari iko njaa.

Nilikaa chini kwa tairi kuukuu. Nakumbuka nilicheka. Sijui ni kwa nini.

"Asiambiwe," dada alikuwa anasema kwa simu. "Tafadhali. Ana presha. Na wale mama wengine wakijua ni yeye alimwaga maziwa yao, atakaa nao aje?"

Shemeji alichukua simu, akasikiza, akairudisha. "Tutasema injini ilikuwa imezeeka," akaniambia. "Dizeli huwa hivyo."

Nilikubali. Nilikubali haraka, kwa moyo mmoja, na bado ningekubali leo. Nani angeenda kumwambia mama wa watu, amesimama na mikono yake bado inanuka, kwamba kile alichopika kwa upendo ndicho kiliua? Nilidhani ni uongo mdogo, utaishi kidogo ufe. Sikufikiria kwamba uongo pia lazima ukae kwa mtu.

Ulikaa kwangu. Familia iliita kikao bomani, wazee wa ukoo na wale mama wa maziwa, kila mtu na kiti chake cha miguu mitatu. Mama mmoja akauliza kwa nini gari imekufa na haijamaliza msimu. Nikamwangalia shemeji nikimngoja aseme imezeeka, ndivyo tulivyopatana. Akasimama.

"Mimi nilitaka petroli," akasema. "Kila mtu hapa anajua. Shemeji ndiye alitaka dizeli."

Hakuangalia kwangu. Na hakudanganya, ndiyo mbaya. Nilitaka dizeli. Watu wakatikisa vichwa vile wanavyotikisa juu ya watu wa mjini. Mzee mmoja akauliza, "Huyu ndiye alisoma kwa simu?" wakacheka, na hicho kicheko nilikuwa nakijua, ni kile chetu cha viazi, sasa kimebadili mikono. Dada alikuwa anaangalia chini. Yeyo peke yake ndiye aliniangalia, kwa huruma kwanza, halafu huruma ikaenda ikiisha, nikiona.

Gari iliuzwa kwa broka, vipande. Nikarudi hadiwea. Nilimpigia shemeji simu kadhaa, nikamwambia hata akieleza wazee wawili tu ukweli, pembeni, itanitosha. Mara ya kwanza alisema ngoja mambo yapoe. Mara ya pili alisema, "Lakini shem, hata bila hiyo, dizeli ingetusumbua tu." Mara ya tatu nikasikia kwa sauti yake kwamba ameshaamini. Ameisema kwa watu mpaka imekuwa ndiyo ilitendeka. Sikupiga tena.

Ng'ombe wakazaa, ndama wakauzwa, familia ikanunua gari nyingine. Petroli. Sikuitwa kuja kuweka mkono kwa boneti. Dada anasema inakunywa sana lakini maziwa yanafika Kajiado, mvua na jua, na akina mama wamepaka nyumba zao rangi. Nilifurahi. Nilifurahi na nikakosa kula siku hiyo, vyote viwili. Ile njia yote, boma kwa boma, ni ile niliyochora kwa karatasi ya simiti.

Nilienda huko majuzi, mtoto wa dada alikuwa ananyolewa na lazima mjomba awepo. Nilifika nimebebwa na boda. Yeyo alikuwa amekaa nje. Nikainamisha kichwa, nikamsalimia kwa Kimaasai.

"Takwenya, Pakiteng."

"Iko," akajibu. Akanigusa kichwa. Kisha akamgeukia dada akasema, "Mpe mgeni chai."

Mgeni. Alisema bila hasira, vile unavyosema kuna jua. Dada akashika mlango wa nyumba akasimama hapo kidogo, halafu akaingia kutafuta kikombe.

Jioni walisema watanipeleka mpaka lami na gari mpya. Ni nyeupe, safi, na milango yote inafunguka. Yeyo akasema tungoje. Akaingia kwake, akatoka na chupa za soda kwapani, akafungua kifuniko mwenyewe, akamimina pole pole, hakuna tone lilianguka. Wale mama wakapiga makofi. Alipomaliza akapapasa ubavu wa gari, akaniangalia.

"Unaona hii?" akasema. "Hii inakula. Ile yako niliipea chakula mzuri, ile siku ya mvua, na pesa yangu. Ikakataa."

Alisema mbele ya wote, kwa sauti yake ya kawaida. Wenye masikio walikuwa na nafasi ya kusikia. Hakuna aliyegeuka. Shemeji alikuwa ameinama anapangusa taa ya mbele ambayo haikuwa na uchafu. Dada alikuwa na mtoto mgongoni na alikuwa ameniangalia moja kwa moja, macho yamejaa, na sikujua ananiomba niseme ama ninyamaze.

Mikono ya yeyo ilikuwa imelowa, imezeeka, inanuka petroli. Ni ile mikono iliyouweka wangu juu ya mgongo wa mtamba.

"Ndiyo, yeyo," nikasema. "Ilikuwa gari mbaya."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikapanda nyuma, pale pa mitungi. Shemeji akawasha, na injini ikashika mara moja, laini, bila moshi. Siwezi kukataa, ilikuwa na sauti nzuri.